Nimelipia Giza

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu hapa Kamina imekuwa moja: kuwaambia watu wasitikisike. Keti hapo, papa. Kidevu juu. Mama, sogeza kitambaa, sikio lionekane. Usicheke, hii ni ya kitambulisho, si ya mchumba. Na watu hutii. Nimepiga machifu, nimepiga wanajeshi, nimepiga mtoto wa siku tatu aliyeshikwa na mama yake kutoka nyuma ya shuka, na wote walitulia. Kwa hiyo kijana wa kaka yangu, anayesoma Lubumbashi, alipokuja likizo Julai 2025 akaniambia kuna watu wanaojisifu kwa kupiga foto za nyota, nilicheka hadi chai ikanitoka puani. Mteja gani ametulia kuliko nyota? Anapepesa macho kidogo, basi. Haombi kupunguziwa bei, wala hasemi foto imemnenepesha.

Foto yangu ya kwanza ya nyota ilitoka nyeusi kama makala. Ya pili ikatoka nyeupe kama maziwa ya unga. Ya tatu ilijaa vitu vilivyolala upande mmoja kama punje za mchele, maana nyota zinatembea. Nilielezwa jambo hilo kwa ile sauti ambayo vijana huitumia wanapowahurumia wazee. Yaani inayozunguka ni dunia, lakini kamera haina habari ya nani mwenye kosa.

Kamera yenyewe ni ya mtumba. Niliuza pikipiki ili niinunue, kwa mtu aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba ni mpya, na nilipoiwasha ikaniamkia kwa Kijapani. Miezi minane niliitumia kwa kuhesabu mistari: shuka mara tatu, kulia mara moja, bonyeza. Ndivyo nilivyofuta harusi nzima ya watu, kuanzia kanisani hadi keki. Bwana harusi mpaka leo ananisalimia kwa kuinua kidevu tu. Kijana alipofika aliigeuza ikasema Kifaransa kwa kufumba na kufumbua, akaniuliza mbona sikuomba msaada. Mtu wa umri wangu haombi msaada. Anahesabu mistari.

Basi akanikalisha nje, kwenye baridi ya Julai ambayo hapa kwetu, zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, si ya mchezo, akanifundisha namba tatu. Zimekaa kama wake wenza: ukimridhisha mmoja, wawili wamenuna.

Ya kwanza ni tundu la lenzi, na hapo ndipo nilipoanza kukasirika. Tundu likiwa kubwa, namba ni ndogo. Tundu likiwa dogo, namba ni kubwa. 3.5 ni mlango wazi, 22 ni tundu la ufunguo. Nani alikaa akapanga hivyo, na alikuwa amekunywa nini? Kijana akasema ni hesabu ya kugawanya tu: chukua urefu wa lenzi, milimita 18, gawanya kwa 3.5, utapata upana wa tundu lenyewe. Nikagawanya kwa kijiti vumbini. Milimita 5 na kidogo. Punje ya mtama! Wakati jicho la kijana kwenye giza nene hufunguka hadi milimita 7 hivi. Yaani pikipiki yangu imekwenda kununua tundu dogo kuliko la jicho la mtoto ambaye bado ananidai nauli ya kurudi Lubumbashi.

“Lakini jicho haliwezi kuweka akiba, baba mudogo,” akasema. Jicho likiona limeona, yamekwisha. Kamera inakinga mwanga sekunde juu ya sekunde, kama mtu aliyetega bido chini ya bomba linalotoa maji membamba kama uzi. Huo mfano niliuelewa mara moja. Kamina hakuna asiyejua kusubiri bido lijae.

Namba ya pili ndiyo hiyo ya kusubiri. Ukisubiri kidogo, bido halijai. Ukisubiri sana, nyota zinatembea ndani ya foto. Wenye kazi yao wana kanuni wanayoiita ya 500: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, utapata sekunde. 500 kwa 18, karibu sekunde 28. Nikaweka 25. Punje za mchele. Nikarudi kwa mwalimu wangu nikiwa na hasira ya mtu aliyefuata maagizo. “Aa, ile ni ya kamera ya sensa kubwa.” Sensa ya kamera yangu ni ndogo, kwa hiyo kabla ya kugawanya unazidisha kwanza urefu wa lenzi kwa 1.6. Mbona hawaanzi na hilo? 18 mara 1.6 ni 28.8, 500 kwa 28.8 ni sekunde 17. Haya, 17. Kamera haina 17. Ina 15, ina 20. Hesabu yote ile, vijiti vyote vile, halafu unachagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Nikachukua 15. Nikauliza, kwa sekunde 15 nyota inaweza kwenda wapi? Inakwenda. Anga linageuka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo katika sekunde 15 nyota inayopita juu ya ikweta inasogea moja ya nane ya upana wa mwezi. Zile za Msalaba wa Kusini, kwa kuwa ziko karibu zaidi na mahali mbingu inapozungukia, zinakwenda nusu ya mwendo huo, kama watu waliolelewa vizuri. Sasa sisi wa huku, karibu na ikweta, tunapitiwa utosini na zile zenye mbio. Ni jambo dogo, lakini nimeliandika kwenye orodha ya mambo ninayolalamikia.

Ya tatu ni ISO. Kijana alijaribu kunieleza kwa maneno ya umeme nikamsimamisha, kwa sababu hii naijua kutoka kazini: ni spika za kilio. Kila aliyekesha kwenye kilio anazijua. Mchungaji anaongea kwa sauti ya chini, mtu wa mitambo anapandisha, na pamoja na mchungaji unapanda ule mvumo wa nyaya, kikohozi cha mtu wa nyuma na mtoto anayelilia soda. ISO haileti mwanga hata chembe. Inapandisha sauti ya mwanga mdogo uliokwisha kuupata, na mvumo wake ndani. Kwenye 6400 anga langu lilijaa chenga nyekundu na kijani kama televisheni iliyoanguka antena. Kwenye 400 likawa kimya cha kaburi. Kijana akaweka 3200. Mimi nikaweka 1600, kwa sababu ya heshima. Asubuhi yake, akiwa bado amelala, nikaziangalia zote mbili na 3200 ilikuwa nzuri zaidi. Hajui, na ukimwona usimwambie.

Hapo mtu angedhani tumemaliza. Tundu wazi, 3.5, sekunde 15, ISO 3200, faili ghafi, si zile zilizobanwa, ili ukikosea uwe na pa kurekebisha. Bado kulenga. Mchana kamera hulenga yenyewe. Usiku inatafuta, mbele, nyuma, mbele, nyuma, ikilia vzii vzii kama mbu aliyepoteza familia, kisha inakata tamaa na kukataa kabisa kupiga. Lazima uzime huo ulengaji wake na uzungushe pete kwa mkono. Nikaona kwenye lenzi kuna alama ya nane iliyolala, ile ya jambo lisilo na mwisho. Nikasema hapo ndipo, nyota ziko mbali, mbali zaidi ya hapo hakuna. Kumbe kuna. Pete inazunguka hadi kuipita nane iliyolala na kuendelea, na ni fundi gani anayetengeneza lenzi inayoona ng'ambo ya umilele sijui. Nyota zangu zikatoka kama vifungo vya koti, mviringo, za rangi rangi, zimepangana kama shanga kwenye lukasa, ule ubao ambao wazee wa Mbudye wa Kiluba walihifadhia historia ya wafalme. Ila lukasa husomeka.

Dawa yake ni kuchagua nyota moja inayong'aa, kuikuza kwenye kioo cha nyuma mara kumi, na kuzungusha pete nusu ya unywele hadi iwe nukta. Kama hakuna nyota, kijana akasema, tumia taa iliyo mbali sana, kama ya treni inayokuja. Nilimwangalia. Kamina ni njia panda ya reli tangu wakati wa Wabelgiji, moja inakwenda Lubumbashi, moja Ilebo, moja Kabalo, na mtu huyu amezaliwa hapa hapa. Ananiambia nisubiri treni! Nikalenga moyo wa Nge, ile nyota nyekundu, nikafunga pete kwa selotepu.

Sasa nitoe lalamiko langu kubwa, ambalo sijaona mtu mwingine akilitoa. Maagizo yote ya kazi hii yameandikwa na watu wa kaskazini. Hatua ya kwanza, wanasema, itafute Nyota ya Kaskazini. Niitafute wapi? Kamina iko kusini mwa ikweta kwa karibu nyuzi 9. Nyota ya Kaskazini iko chini ya ardhi. Nikitaka kuiona lazima nipande kaskazini, karibu mstari ulionyooka, zaidi ya kilomita elfu moja hadi Kisangani, na nikifika Kisangani itakuwa nusu ya nyuzi juu ya upeo, yaani nyuma ya mti wa kwanza nitakaoukuta. Sisi wa kusini, mbingu yetu inazungukia sehemu isiyo na nyota ya maana, na hata hiyo sehemu, kwangu, iko nyuma ya muembe wa jirani.

Halafu zile foto zao nzuri. Umeziona: Njia ya Maziwa imesimama juu ya mlima, chini kuna hema linawaka taa, na mtu amesimama ameangalia juu kana kwamba ameitwa. Kwa mtu wa Paris, ule moyo mnono wa Njia ya Maziwa hauvuki nyuzi 12 juu ya upeo, unatambaa chini karibu na mapaa, kwa hiyo akielekeza kamera mbele yake anapata mbingu na mlima pamoja. Hapa kwetu, mwishoni mwa Julai, saa nne usiku, unapita kwenye nyuzi 70. Utosini! Ni mpana, ni mzito, unaona hata mabaka yake meusi kwa macho tu bila kutafuta. Kila mtu anatuonea wivu. Lakini jaribu kuupiga. Kichwa cha tripodi yangu hakifiki huko; kinainama nyuma hadi kinagoma, na miguu yake mitatu inaanza kunyanyuka mmoja mmoja kama mbuzi anayetaka kukimbia. Nimeining'inizia bido la lita 5 katikati ili itulie. Mimi mwenyewe nalala chali kwenye mkeka ili nione kioo, shingo imevunjika, umande unaniingia, na mbele ya Njia ya Maziwa siwezi kuweka mlima wala hema wala mtu. Naweza kuweka tawi la muembe. Foto zangu zote zina tawi la muembe.

Usisahau na moshi. Kiangazi ndicho kipindi pekee kisicho na mawingu, na kiangazi ndicho kipindi ambacho kila mwenye kiberiti kutoka hapa hadi Bukama anachoma majani. Mvua zikianza kusafisha moshi, zinaleta mawingu. Anga la Kamina ni safi kabisa kwa muda wa jioni mbili kwa mwaka, na moja huwa nina harusi.

Majirani hawakuchelewa kutoa maoni. Mtu mzima, saa tano usiku, amelala chali uani karibu na kitu cha miguu mitatu kilichofungwa bido, anahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu hadi kumi na tano, kisha anatukana. Kamera inahesabu yenyewe, najua, lakini naihesabia ili ijue kuna anayesimamia. Mama mmoja wa ng'ambo ya barabara alimwuliza mke wangu kama tumehamia kanisa jipya. Mwingine hakuuliza kanisa. Alitumia neno muloji, akalisema kwa sauti ya kutosha kunifikia mkekani. Mke wangu aliwatetea wote. Akaniambia, “Papa, kama njo sala, ingia mu nyumba tusali wote.”

Lakini adui yangu halisi ni taa. Watu wa Ulaya husafiri usiku kucha kukimbia taa za miji yao. Mimi nina taa moja tu ya kukimbia na iko mita 12 kutoka kwangu. Ni ya jirani mwenye jenereta, sisi tunaiita grupu, na yeye tunamwita Papa Grupu. Kila jioni anaiwasha: watu wanachaji simu, wanatazama filamu, wananunua maji baridi, na juu ya mlango ametundika balbu nyeupe ambayo ingetosha uwanja wa ndege. Kamera iliyofunguliwa sekunde 15 haisamehe balbu kama hiyo. Muembe wote ulitoka kijani kama mchana na nyota zikabaki tatu. Na siwezi kugombana naye, kwa sababu betri ya kamera mchana inachajiwa kwake. Mwanga anaoniharibia usiku ndio nilionunua asubuhi.

Basi tukafika 7 Septemba 2025, Jumapili, siku ya kupatwa kwa mwezi. Si kwa nusu. Mwezi mzima kuzama kwenye kivuli cha dunia kwa dakika 82 na kuwa mwekundu. Kijana alikuwa amerudi Lubumbashi, kwa hiyo nilikuwa fundi mkuu peke yangu. Nilisikia kwenye redio kwamba mwezi utafunikwa wote kuanzia 18:30 mpaka 19:53. Nikaenda kwa Papa Grupu.

“Papa Foto, karibu. Unaleta batri?”

Nikamwambia sikuleta betri, naomba asiwashe jenereta kuanzia 18:30 hadi 20:00. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: simu ngapi, filamu moja, maji baridi, na mafuta aliyokwisha kuyanunua kwa kadhafi, yaani muuza mafuta wa barabarani, kana kwamba mafuta yasipochomwa huoza. Akasema franga 15,000. Nikamwuliza hiyo ni bei ya nini. Akasema, “Ya giza.” Nikalipa. Watu wote wa mtaa huu humlipa ili awashe. Mimi ndiye mteja wake wa kwanza wa kuzimiwa, na hakunipunguzia hata franga moja.

18:30 kamili akazima. Mwezi ulikuwa umechomoza muda mfupi kabla, na kwa ule moshi ulichomoza mwekundu tayari. Watoto wakapiga kelele kwamba umekwisha kupatwa. Nikapiga foto 40. Mwezi ukapanda, moshi ukabaki chini, ukawa mweupe kama sahani, na pembeni umeliwa kidogo tu, kama mkate ulioonjwa na panya. Ikafika 18:50. Bado sahani. Nikampigia kijana Lubumbashi, nikamwambia hawa watu wa nyota ni waongo. Akanyamaza, kisha akauliza kwa upole, “Baba mudogo, ile saa ulisikia, ilikuwa ya huku ao ya Kinshasa?”

Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Redio ilisema saa ya Kinshasa. Huku kwetu mwezi ungefunikwa wote kuanzia 19:30 hadi 20:53. Nilikuwa nimenunua giza la Kinshasa na kulitumia Kamina.

Nikarudi kwa Papa Grupu kuomba kuongezewa saa moja. Watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni na simu zao mkononi, wananiangalia. “Mukataba ni mukataba,” akasema. Na saa ya pili ni ya filamu, bei yake mara mbili. Sikuwa na franga nyingine.

Kwa hiyo nilikuwa na dakika 30, kuanzia 19:30 hadi 20:00. Dakika 30 ni nyingi kwa mtu anayejua anachofanya. Mwezi mpevu ni kitu kinachopigwa na jua, unaupiga kama mchana: tundu 11, ISO 100, sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndivyo kamera yangu ilivyokuwa imewekwa. Ukishazama wote, hesabu ni nyingine kabisa: tundu lote wazi, ambalo lenzi yangu ikivutwa hadi milimita 55 ni 5.6, ISO 1600, sekunde 2. Nimekaa baadaye nikazidisha: kukinga mwanga na kuupandisha sauti, jumla ni mara 12,800 zaidi. Mara elfu kumi na mbili na mia nane! Hakuna kitu kingine maishani mwangu kinachobadilika hivyo kati ya chakula cha jioni na kulala.

Dakika kumi za kwanza nikapiga weusi mtupu, kwa sababu nilikuwa bado kwenye mpangilio wa sahani. Nikakumbuka, nikarudi kwenye namba zangu za Julai, sekunde 15, na mwezi ukatoka kama yai la kukaanga. Nikashusha hadi 2. Ukatoka umevimba, hauna kingo. Selotepu! Nilikuwa nimefunga pete lenzi ikiwa milimita 18, na nilipoivuta hadi 55 ulengaji ukahama. Nikachuna selotepu kwa kucha, gizani, tochi mdomoni. Nikakuza mara kumi, nikatafuta kingo za mwezi, mikono ikitetemeka, bido likining'inia.

Na hapo, wakati wa kutafuta, nikainua macho. Mwezi mpevu ulikuwa umezifukuza nyota zote jioni nzima, na sasa umezimika wenyewe, upande wa mashariki, kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Juu yangu Njia ya Maziwa ilikuwa imerudi yote, kutoka upande mmoja wa mtaa hadi mwingine. Watu wa foleni ya simu walikuwa wamenyamaza. Hata mama wa muloji alikuwa nje, kikwembe kimefunika mabega. Nilisimama dakika tatu nzima bila kugusa kitu, na ninazijutia hadi leo, maana nilikuwa nimezilipia.

19:58 nikapata foto moja. Moja. Mwekundu, kingo safi. 20:00 jenereta ikanguruma. Mtu huyu sijawahi kumwona akifika kwenye mkutano wa mtaa chini ya saa moja ya kuchelewa, lakini siku hiyo alikuwa na saa ya Uswisi moyoni. Balbu ikawaka, muembe ukawa kijani, mtoto akashangilia umeme. Mwezi uliendelea kuwa mwekundu kwa dakika 53 nyingine, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka natazama tawi.

Jumanne yake, 9 Septemba, Leopards, timu yetu ya taifa, walicheza na Senegal mjini Kinshasa. Uani kwa Papa Grupu hapakuwa na pa kuweka mguu. Tukaongoza 2-0, nikasikia mtaa wote ukitetemeka. Kisha Senegal wakarudisha la kwanza, wakarudisha la pili, na mwishoni kabisa wakafunga la tatu. Nilikuwa kitandani. Nilisikia ukimya, na ndani ya ule ukimya sauti moja ikisema wazi kabisa kwamba tangu mtu fulani anunue giza, mambo hayakai sawa.

Wiki iliyofuata Papa Grupu alikuja studio kupiga foto ya kitambulisho. Nilikuwa nimechapa ile foto yangu moja na kuitundika ukutani, kubwa. Lazima niseme ukweli kuhusu lenzi ya milimita 55: mwezi unaangukia kwenye sensa kwa upana wa nusu milimita, wakati sensa ina milimita 22. Kwa hiyo ni karatasi kubwa nyeusi, na katikati yake nukta nyekundu. Papa Grupu aliisogelea, akalowesha kidole gumba kwa mate, akaanza kuifuta ile nukta.

“Papa Foto, vumbi iliingia mu foto yako.”

Nikamwondoa mkono. Nikamweleza ni mwezi, ule wa franga 15,000. Akaangalia tena kwa muda, akarudi kuketi, akainua kidevu bila kuambiwa.

“Na ingine itakuwa siku gani?”

Nikamwambia mwezi mzima kuzama tena hapa kwetu ni 31 Desemba 2028, jioni. Utachomoza ukiwa umekwisha kufunikwa.

Akashusha kidevu. “Usiku ya Bonane?”

“Ya Bonane.”

“Ile siku nitakuwa na watu mia, na muziki.” Akavuta pumzi, akapiga hesabu kwa vidole vya mikono yote miwili, na nikaona foto yake ya kitambulisho itatoka na uso wa mtu aliyeshinda zabuni. “Papa Foto, giza ya Bonane iko na bei yake.”

Desemba ni katikati ya mvua. Uwezekano mkubwa hatutaona hata paa la kanisa, sembuse mwezi. Nilimwambia atulie asitikisike, nikapiga, kisha nikamwuliza kama anapokea malipo kidogo kidogo.